Kisanduku cha mafaili cha mtumba, miezi saba Nasser Road: kizuri, ila asubuhi kinachelewa kuamka

Nimekaa na hiki kisanduku miezi saba, nimekipenda, nimekitukana, nikakifunga kwa kaveera (mfuko wa plastiki) nikirudishe dukani, nikakifungua tena, na leo ndo kinanifanyia kazi kuliko mtu yeyote ofisini, kwa iyo naona nina haki ya kukiandikia. Kampuni iliyokitengeneza siitaji na duka pia silitaji, sitaki kesi na mtu, ila kama una kompyuta za Linux ofisini na unataka kununua kitu kama hiki hapa Kampala soma mpaka chini, manake shida iliyonipata mimi haikuandikwa kwa boksi.

Mimi niko Nasser Road, kwa wachapaji, tunatoa kadi za harusi na za kwanjula (sherehe ya Waganda ya kumtambulisha mchumba nyumbani kwa binti), kalenda, vitabu vya risiti, na chumba cha nyuma tunapiga picha. Kompyuta ni tatu za mtumba na laptopu moja, zote zina Linux Mint, sio Windows. Sikuingia Linux kwa ujanja, niliingia kwa sababu ya fleshi za wateja. Hapa kwa siku unaweza kuchomekewa fleshi arobaini na kila moja inakuja na virusi vyake, ile ya kugeuza mafoda yote kuwa shotikati ndo usiseme, tulikuwa tunafomati Windows kila mwezi mpaka shemeji yangu akasema wacha hii kitu, weka Mint, na kweli tangu siku iyo virusi vya fleshi vinakuja vinakaa tu vinatuangalia.

Ikabaki shida ya mafaili. Picha ziko mashine ya dirishani, dizaini iko mashine ya katikati, printa kubwa iko mashine ya mlangoni, na mimi kutwa nazunguka na fleshi mkononi kama mchuuzi wa karanga. Mwisho wa siku kadi moja ina matoleo matano, "kadi mwisho", "kadi mwisho kabisa", "kadi mwisho ya mama", na inayochapwa ni ile ambayo sio. Tulichapa mia tatu jina la bwana harusi limekosewa herufi moja. Karatasi ya gharama ile. Ndo nikasema basi, nanunua kisanduku kimoja mafaili yote yakae humo kila mashine isome humo humo.

Nililipa shilingi 1,150,000, mtumba wa Ulaya, ndani disiki mbili za terabaiti 4 zinazonakiliana, moja ikifa nyingine inabaki na kila kitu. Kwa ukubwa ni kama redio ndogo ya mezani. Unachomeka kebo kwa rauta, unakifungua kwa brauza, unatengeneza foda na paswadi, umemaliza. Kwa kebo napata kama megabaiti 60 kwa sekunde, kwa disiki za zamani na prosesa ndogo vile silalamiki, foda ya harusi yenye picha mia nane ambayo kwa fleshi ilikuwa ya kwenda kunywa chai unarudi bado, sasa dada wa dizaini anaifungua moja kwa moja anafanya kazi. Wiki ya kwanza nilikuwa nakisifia mpaka kwa watu wa boda.

Alafu ikaja Jumatatu.

Dada wa dizaini ananipigia nikiwa bado njiani, "Bosi, foda ya picha iko tupu." Nikamwambia angalia vizuri dada, akasema, "Nimeangalia bosi, haina hata moja, nyeupe." Moyo ulinishuka mpaka kwa viatu. Nikafika mbio, nikafungua kisanduku kwa brauza ya simu, picha zote ziko humo zimetulia. Kumbe kisanduku kizima na kompyuta nzima, ila ile foda haijamauntiwa, yaani kompyuta haijaiunganisha foda ya kisanduku na njia yake ya /mnt/picha, kwa iyo anachoona dada ni foda tupu ya kompyuta yenyewe. Nikafungua terminali nikaandika sudo mount -a, amri ya kuunganisha foda zote zilizoorodheshwa, sekunde mbili, picha hizo hapo. Nikadhani imeisha.

Jumanne ikarudia, na Jumatano ikarudia, kila asubuhi mashine zote tatu foda tupu, kila asubuhi mimi na sudo mount -a yangu kama dua ya kufungulia duka.

Nikawapigia dukani. Wao kwa kuuza ni watamu, kwa kusaidia sio sana. Aliyepokea akaniuliza kama natumia Windows, nikasema hapana natumia Linux, akanyamaza kidogo alafu akasema, "Ssebo (yaani bwana), hiyo Linux ndo shida yako." Huduma ya baada ya kununua, nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu alipokea simu.

Nikaita fundi. Huyu wa kwanza alikuja saa sita mchana, akaona laini niliyoandika kwa /etc/fstab, lile faili ambalo Linux inalisoma ikiwaka ili ijue iunganishe nini na wapi, akasema umesahau _netdev, akaiongeza, akawasha upya kompyuta, foda ikaja. Akawasha upya tena, ikaja tena. Akachukua 80,000 yake akaenda. Kesho yake asubuhi, foda tupu.

Na hapa ndo utamu wa hii shida ulipo, maana mchana inapona na asubuhi inaugua. Ukiwasha upya saa sita mchana haikosei hata siku moja. Mimi nikaanza kufikiria mambo ya ajabu, joto, vumbi, sijui panya kwenye kebo. Siku nne nimewaza panya jamani.

Fundi wa pili nilimpata kwa mtu wa Wandegeya, kijana tu, begi mgongoni. Kabla hajagusa kitu aliuliza swali moja ambalo wa kwanza hakuuliza, "Kaka, jioni mnazimaje?" Nikamwambia jioni askari wa jengo anazima meni swichi ya ofisi yetu kwa ukuta, kila kitu kinakufa pamoja, kwa sababu mwaka juzi umeme ulirudi usiku na nguvu ukaunguza pawa saplai mbili. Akasema, "Na asubuhi anawasha yote pamoja?" Nikasema eeh. Akacheka akaomba simu yangu, akafungua saa ya kuhesabu sekunde, akasema nenda ukazime yote alafu uwashe.

Tukakaa tunaangalia. Kompyuta ina SSD, ile disiki ya haraka, sekunde 24 iko kwa skrini ya paswadi. Rauta ikatulia kama dakika moja na kitu. Kisanduku kikaanza kunguruma, taa ya bluu inapepesa, inapepesa, inapepesa, kinakagua disiki zake, kinawaza, na mlio wake wa "tayari" ukapigwa dakika ya pili na sekunde arobaini na tano. Kwa iyo kila asubuhi kompyuta inagonga mlango wakati mwenye nyumba bado amelala, inagonga mara moja, inakata tamaa, haigongi tena siku nzima. Mchana inapona kwa sababu mchana unawasha upya kompyuta peke yake, kisanduku kiko macho toka asubuhi. Ni hivyo tu. Panya hawahusiki.

Akanionyesha na ushahidi. Akaandika journalctl -b -u mnt-picha.mount, ambayo inakuambia kilichompata huyo maunti tangu kompyuta iwake, na ikaandika "mount error(113): could not connect to 192.168.1.20Unable to find suitable address." Vile vile, namba na neno zimegandana bila nafasi, hata programu yenyewe ilikuwa na haraka. 113 ni kwamba hakuna njia ya kufika kwa huyo unayemtafuta. Ile laini ilikuwa inajiandika kila asubuhi na hakuna mtu aliyewahi kuisoma, mimi wa kwanza.

Sasa kuhusu _netdev, kwa sababu ukiuliza mtu yeyote hilo ndo jibu la kwanza utapewa. Lile neno linaiambia Linux kwamba hiki kitu kinahitaji mtandao kwa iyo usikiguse kabla mtandao haujawa tayari. Kwa maunti za cifs na nfs, aina mbili za foda za mtandao, systemd, ile programu inayoamsha kila kitu Linux ikiwaka, inajua yenyewe hata usipoandika, inasoma aina ya maunti inaelewa kwamba hii ni ya mtandao, _netdev inasaidia zaidi kwa vitu ambavyo kwa kuviangalia vinafanana na disiki ya kawaida, mfano iSCSI. Na hata ikisubiri mtandao, "mtandao tayari" maana yake ni kwamba kompyuta YAKO imepata anwani. Haimaanishi kisanduku kiko hewani. Ni sawa na kuwa na laini na salio, haimaanishi unayempigia amewasha simu. Fundi wa kwanza hakukosea kuandika, alikosea kupima mchana.

Dawa ilikuwa neno moja, x-systemd.automount. Laini yangu sasa iko hivi, na ndo iko kwa mashine zote:

//192.168.1.20/picha /mnt/picha cifs credentials=/root/.nas,uid=1000,gid=1000,nofail,_netdev,x-systemd.automount,x-systemd.mount-timeout=30 0 0

Ukiweka hilo neno kompyuta ikiwaka haiunganishi kitu, inaweka mlinzi tu kwa mlango wa /mnt/picha, na siku dada anapobonyeza ile foda kwa mara ya kwanza ndo mlinzi anakimbia kwenda kuleta kisanduku. Akibonyeza mapema kisanduku bado kimelala, anapata kosa, anakunywa chai, anabonyeza tena, inafunguka. Hakuna mtu anayeandika mount -a tena. Hiyo nofail inasema ikishindikana endelea tu kuwaka usinizuie, na mount-timeout ya 30 ni kwa sababu ukiiacha hivi hivi kawaida ya systemd ni kungoja sekunde 90, na sekunde 90 mteja akiwa amesimama kaunta ni ndefu kuliko unavyodhani. Ukishaandika usisahau sudo systemctl daemon-reload alafu sudo systemctl restart remote-fs.target, la sivyo utaona kama hakuna kilichobadilika utanitukana bure. Na kabla ya hapo piga findmnt --verify, inakagua fstab inakuambia ulipokosea herufi, mimi koma tu iliwahi kunipotezea nusu saa.

Lakini subiri, sijamaliza ubaya. Kabla huyu kijana hajaja nilikuwa nimeshafanya kosa moja baya sana, na hili ndo la kusoma kwa makini zaidi.

Ijumaa moja wapiga picha wangu walirudi na kwanjula ya Mukono, picha 614. Wakamwaga kwa /mnt/picha kama kawaida, wakafuta kadi za kamera, wakaenda kulala. Jumamosi asubuhi foda ilikuwa tupu, nikapiga mount -a yangu, foda zote zikaja, isipokuwa hiyo ya kwanjula. Haipo. Nikatafuta kisanduku kizima, haipo. Kadi za kamera tayari zina harusi nyingine juu yake. Mama ya binti anapiga simu, "Mwanangu, albamu yetu mmefika wapi?" na mimi najibu tuko kwenye rangi mama, tuko kwenye rangi. Rangi gani! Wiki nzima nimekonda.

Siku kijana alipokuja nikamweleza kama mtu anayeungama. Hakushtuka hata kidogo, akaniambia funga programu zote, akaandika sudo umount /mnt/picha, kwa hiyo foda ya kisanduku ikaondoka, alafu akaandika ls /mnt/picha na hapo hapo, kwa foda ambayo ilitakiwa kuwa tupu, ikatokea kwanjula_mukono. Picha 614 zote. Mimi nilikaa chini sakafuni, sio mfano, nilikaa chini.

Alivyonielezea ni hivi, maunti ni mkeka. /mnt/picha ni sakafu na kisanduku ni mkeka unautandika juu. Ijumaa ile mkeka haukuwa umetandikwa na hakuna aliyejua, wakaweka vitu kwa sakafu, yaani kwa disiki ya ile kompyuta. Jumamosi mimi nikatandika mkeka juu yake. Vitu viko chini ya mkeka, havijapotea, ila kwa kuangalia juu huvioni. Na ukikaa hivyo miezi disiki ya kompyuta inajaa unashangaa imejazwa na nini.

Uzuri wa automount ni kwamba inatibu na hili pia, manake mlinzi anakaa juu ya sakafu muda wote, ukijaribu kuandika na kisanduku hakipo unapata kosa la wazi badala ya kuandika gizani. Juu ya hapo alinifanyia kitu kingine kidogo ambacho nakipa nyota zake peke yake, aliondoa maunti, akahamisha zile picha, alafu kwa foda ikiwa tupu akaandika sudo chattr +i /mnt/picha. Sasa ile sakafu yenyewe imefungwa, hata root, yule mkuu wa mashine, hawezi kuweka faili humo mkeka ukiwa haupo, na mkeka unatandikwa juu yake bila shida yoyote. Inafanya kazi kwa ext4, mpangilio wa disiki ambao ndo Mint inakuwekea kama hukuchagua kingine. Mtu yeyote ambaye ofisi yake inamwaga picha kwa disiki ya mtandao afanye hili leo kabla ya chakula cha mchana.

Vitu vingine tulivyokuta nitavipitia haraka. Anwani ya kisanduku ilikuwa ya kupewa na rauta, kwa iyo umeme ukikatika wa kuwahi ndo anapata, siku moja kisanduku kikawa .23 na kompyuta zinaendelea kugonga .20, tukaingia kwa rauta tukakifungia .20 kuwa yake ya kudumu. Paswadi nilikuwa nimeiandika wazi ndani ya fstab ambayo kila mtu kwa mashine anaweza kuisoma, tukaitoa tukaiweka kwa faili la pembeni na chmod 600, yaani mwenye faili tu ndo analisoma. Mashine ya mlangoni ilikuwa inagoma na kosa tofauti kabisa, "wrong fs type, bad option, bad superblock", maneno ya kutisha kama disiki imekufa, kumbe haikuwa imewekwa cifs-utils, sudo apt install cifs-utils na ikapona, huyo superblock alikuwa anasingiziwa. Na foda moja niliipa jina lenye nafasi katikati, "kadi mpya", fstab inadhani nafasi ni mwisho wa neno, inabidi uandike kadi\040mpya. Mimi nilibadilisha tu jina, maisha mafupi.

Laptopu ilikuwa na yake. Yenyewe inatumia waifai, na waifai yake paswadi ilihifadhiwa kwa akaunti ya mtumiaji, kwa iyo mpaka mtu aingie kwa jina lake waifai haiwaki, na wakati wa kuwaka laptopu inatafuta kisanduku hewani bila hewa yenyewe kuwepo. Unafungua mipangilio ya ule mtandao unaweka tiki kwa pale pa kuruhusu watumiaji wote waunganishe, basi. Ila laptopu hiyo hiyo bado inanisumbua wakati wa kuzima, mara nyingine waifai inakufa kwanza kabla foda haijaachiwa, inabaki skrini nyeusi inahesabu sekunde mpaka 90. Nimeongeza x-systemd.idle-timeout=60 ili foda isipotumika dakika moja iachiwe yenyewe, imepungua, haijaisha. Nusu nyota naiondoa hapo ingawa kwa haki sio kosa la kisanduku.

Kosa la kisanduku kweli kweli ni hili. Kilikuja na programu ya ndani ya zamani ambayo inaongea SMB1 tu, ile lugha ya kwanza ya kushirikishana mafaili. Linux ya siku hizi haianzi na SMB1, kernel, kiini chake, iliacha kuifanya ndo kawaida yake toleo la 4.13 mwaka 2017, mwaka ule ule virusi vya WannaCry vilipopita kwa Windows za dunia nzima kupitia shimo la hiyo SMB1. Kwa iyo siku ya kwanza kabisa nilipata "mount error(112): Host is down" wakati naping, yaani nakiita kwa mtandao, kisanduku kinajibu vizuri. Mtu wa duka kwa simu (huyo huyo) aliniambia ongeza vers=1.0, yaani ulazimishe SMB1. Inafanya kazi, ndio, ila ni kama kuvunja kufuli kwa sababu ufunguo umekaza, na kwa ofisi inayochomekwa fleshi arobaini kwa siku mimi siwezi. Nikaingia kwa ukurasa wa kisanduku nikakisasisha, ilichukua dakika kumi na tano za kuomba umeme usikatike, sasa kinaongea SMB3 na sihitaji vers yoyote. Ukinunua cha mtumba fanya hivyo kabla hujaweka hata faili moja, na ukikuta hakina sasisho la kukitoa SMB1 usikinunue hata wakikupa kwa laki tatu.

Kichekesho ni kwamba ndani ya kisanduku chenyewe ni Linux. Linux inaongea na Linux kwa lugha ya Windows, kupitia Samba, programu ya kuongea hiyo SMB, ambayo Andrew Tridgell aliianza Australia mwishoni mwa mwaka 1991 akitaka mashine za Unix zielewane na za PC. Kijana aliniuliza kwa nini nisitumie NFS ambayo ni lugha ya kwao tangu kampuni ya Sun walipoitoa mwaka 1984, na kwa kweli nilijaribu wiki moja, ilikuwa nzuri, nikarudi Samba kwa sababu mteja akija na laptopu ya Windows nataka achukue picha zake mwenyewe asinisumbue. Kwa NFS pia kuchelewa kuamka ni kule kule na dawa ni ile ile, unabadilisha tu aina na njia.

Mengine nisiyopenda. Feni yake mchana huisikii kwa sababu ya printa, ila usiku ukibaki na kazi inakuchosha kichwa. Programu zake za simu na kompyuta hazina ya Linux, ni brauza tu. Kikizimwa kwa ukuta kila jioni vile askari alivyokuwa anafanya kinalalamika asubuhi na kinakagua disiki upya, ndo maana kilikuwa kinachelewa zaidi, na disiki za kuzunguka kuzikatia umeme ghafla kila siku ni kuzitafutia kaburi. Nimenunua UPS ya mtumba 220,000, kisanduku na rauta viko kwa UPS, na UPS ina laini yake isiyopita kwa ile meni swichi, kwa iyo sasa hakilali kabisa. Mnaweza kuniambia basi kama hakilali automount ya nini. Wiki iliyopita umeme wa jengo ulikatika masaa matano, UPS ikaishiwa, vyote vikazimika, uliporudi vikaamka kwa zamu zake za zamani, na dada hata hakunipigia simu. Nilijua jioni nilipoona saa ya mikrowevu inawaka-waka 12:00.

Na disiki mbili zinazonakiliana sio bekapu, ukifuta faili inafutika kwa zote mbili papo hapo. Mimi Jumapili nachomeka disiki ya nje nakopi nakwenda nayo nyumbani Ntinda.

Kisanduku nakipa nyota nne kasoro nusu, ile nusu ya laptopu nimeshairudisha, hii ni ya SMB1. Duka nyota mbili, bei ilikuwa sawa na disiki zilikuwa nzima, nilizipima na smartctl masaa yake hayakuwa mengi kama nilivyoogopa. Fundi wa kwanza sitaki kumwekea nyota, alikuja na haraka tu. Fundi wa pili tano, alinidai 50,000, nikampa 100,000 na rolex (chapati ya kuviringisha mayai) mbili za mayai mawili mawili kutoka kwa mzee wa pale chini, akakaa saa nzima zaidi kuniandikia kwa karatasi kila alichofanya kwa kila mashine. Ile karatasi nimeilamineti, iko ukutani juu ya rauta, na kwa juu kabisa ameandika kwa kalamu nyekundu PIMA ASUBUHI, SIO MCHANA.